Kasi Isiyo na Kibali

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa nne kamili asubuhi, Idara ya Utulivu wa Kuta Kongwe iliutangazia umma wa mji wa Saltpond kwamba kuanzia dakika hiyo kila ukuta uliojengwa kabla ya uhuru una haki ya kutotobolewa. Wala haukuruhusiwa kutundikwa waya usoni, maana hiyo nayo ni dhihaka. Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti na Mkurugenzi Msaidizi, Bwana Kwamena Baidoo, mbele ya wauza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi, mbuzi wanne na mpiga picha wa idara. Kipaza sauti kilikatika mara mbili. Watu walipiga makofi mara tatu, kwa kuwa mara mbili walidhani amemaliza.

Bwana Baidoo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke mmoja, suti mbili na imani moja: kwamba jambo lisilojaziwa fomu bado halijatokea.

Kwa hiyo Alhamisi ile, Maame Araba Essilfie alipoingia ofisini kwake akitweta, fimbo mkono huu na mkoba mkono ule, Bwana Baidoo alimkaribisha kwa adabu zote na kumpa kiti ambacho hakikuwa na mguu mmoja. Maame Araba alikiangalia, akabaki amesimama.

Alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sabini na minne. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina tu. Manesi wa zahanati za vijijini, wale wasichana wanaopangiwa kazi mahali ambapo daktari anasikika redioni, walikuwa wakimpigia simu ya video kila mzazi anapokwama. Naye, akiwa kitandani kwake ghorofa ya pili, huwaambia: geuza, subiri, sasa vuta, hapana, usivute, nimesema subiri.

Tatizo lilikuwa nyumba. Babu yake, mfanyabiashara wa mawese, aliijenga kwa mawe, na kuta zake zilikuwa nene kama mkono ulionyooshwa. Faiba, waya wa intaneti, iliingilia chini, kwenye tundu la simu ya zamani, na ruta ilikaa hapo hapo, katikati ya magunia ya chumvi ya wapangaji. Waifai ikianza kupanda ngazi ilianza kukata roho kwenye ngazi ya sita, na chumbani ilifika kwa kusuasua.

"Juzi nesi wa Ekumfi amenipigia," alisema Maame Araba. "Mtoto katoa kichwa, mabega yamekwama. Nikamwambia, mshike mama magoti, mkunje... picha ikaganda. Sauti ikakatika. Mimi na magoti haya nikashuka kuifuata ruta. Ngazi thelathini na moja, bwana, nimezihesabu kwa makalio."

"Pole sana, Maame."

"Nilipofika chini walikuwa wameshamtoa kwa kubahatisha. Yuko hai. Kesho bahati itakuwa na shughuli nyingine. Mafundi wa kampuni wako tayari kupandisha waya hadi chumbani, matundu mawili tu. Wanasema umewazuia."

"Sijawazuia, Maame. Nimewapa fursa ya kuomba." Alifungua droo. "Hii ni Fomu Namba Saba, Ombi la Kuusumbua Ukuta. Nakala tano. Kamati hukaa kila robo mwaka."

"Nina miaka sabini na minne."

"Ukuta una mia na thelathini. Kwa umri, ndio wa kuheshimiwa kwanza."

Maame Araba aliisukuma fomu pembeni kwa ncha ya fimbo.

"Kwamena. Mama yako nilimzalisha mimi. Ulichelewa siku kumi na moja, halafu ukatanguliza makalio. Naona hujabadilika."

Karani alikohoa, akatoka nje, na kikohozi kikageuka kicheko kabla hajafunga mlango. Bwana Baidoo aliandika kwenye faili: *Mwombaji ametoa maelezo ya kihistoria.*

Wiki mbili zilipita. Fomu zilirudi na maoni ya karani wa kamati, kwamba neno "tundu" halina heshima, liandikwe "uwazi uliokusudiwa". Maame Araba alizitumia kuwashia jiko la mkaa.

Ndipo alipompata Fiifi. Huyu alikuwa fundi televisheni, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye biashara yake ilikufa siku watu walipoacha kutengeneza televisheni na kuanza kuzitupa. Maame Araba alimwita aje amwangalizie soketi ya umeme. Fiifi aliinama nyuma ya kitanda na hakuinuka.

"Maame, hii soketi nyingine hapa ni ya nini?"

"Ya antena. Imekufa zamani."

"Na waya wake unakwenda wapi?"

"Unakwenda kila mahali. Marehemu mume wangu, Egyir, alikuwa na wazimu wa mpira. Alisema hawezi kukosa goli kwa sababu ya haja ndogo. Akatoboa nyumba nzima, chini hadi juu, hadi chooni. Tuligombana mwezi mzima."

Fiifi alikaa sakafuni. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Ei, Maame! Unahangaika na Baidoo wa nini? Mume wako ameshakutobolea!"

Alieleza kwa kifupi. Waya ule mnene wa antena ni barabara kubwa iliyolala bila gari. Kuna vijisanduku, viwili vinatosha, vinavyoweza kuufanya ubebe intaneti. Kimoja unakichomeka kwenye ruta chini, kingine juu, basi. Hakuna tundu wala vumbi.

Alivipata vimetumika, kwa cedi mia tatu na hamsini, kutoka kwa muuzaji aliyedhani anamuuzia chaja mbovu. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa sabuni ya kufulia. Siku hiyo hiyo alasiri, Maame Araba aliona kwa mara ya kwanza kasi ambayo miaka miwili alikuwa anailipia na ambayo kumbe ilikuwa inayanufaisha magunia ya chumvi. Alimpigia nesi wa Ekumfi kwa majaribio. Picha ilikuwa safi hata akamwona mjusi ukutani.

"Yule mtoto wa mabega yuko wapi?" aliuliza.

Nesi akamwonyesha. Alikuwa amenona, na analia vizuri. Maame Araba alijipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, akamwambia Fiifi akae ale samaki.

Habari ikafika idarani. Jumanne, Bwana Baidoo alifika na maofisa wawili, futi ya kupimia na tochi. Walikagua ukuta mmoja mmoja. Walipapasa. Ofisa mmoja alibandika sikio.

"Tundu liko wapi?" aliuliza Bwana Baidoo.

"Hakuna," alisema Fiifi, aliyekuwa ameitwa mbio na Maame Araba.

"Maofisa wangu wamepima kasi hapa. Kasi hii haiwezi kuwa imepita hivi hivi. Lazima kuna mahali imepenya."

"Imepita kwenye waya wa marehemu."

"Marehemu alikuwa na kibali?"

"Mwaka ule idara yako ilikuwa haijazaliwa, Bwana Mkubwa."

Bwana Baidoo alitafakari. Mtu mwingine angekwenda zake. Lakini yeye hakupanda cheo kwa kwenda zake. Alitoa kalamu na kuamuru kwa sauti huku akiandika: waya uliwekwa kwa ajili ya kubeba mpira wa miguu, sasa unabeba wajawazito, hayo ni mabadiliko makubwa ya matumizi, kijisanduku kinasimamishwa kwa siku kumi na nne. Kisha akakichomoa, akakifunga kwa kamba na kukitia lakiri nyekundu yenye muhuri wa idara.

"Na nesi akinipigia?" aliuliza Maame Araba.

"Amwombe mama asubiri. Siku kumi na nne si nyingi."

"Umesikia unachosema?"

"Nimekisikia, Maame, na nimekiandika."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nesi wa Ekumfi alipiga tena, picha ikaganda, na Maame Araba akashuka ngazi thelathini na moja kwa makalio. Safari hii hakufika kwa wakati. Mama alipona, mtoto hakupona. Hapakuwa na fomu ya jambo hilo, kwa hiyo idara haikupata taarifa.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Bwana Baidoo alikuwa mlangoni kwake tena. Peke yake, na kompyuta kwapani.

Ofisi ya idara, ni lazima isemwe, nayo ilikuwa ndani ya nyumba kongwe. Kuta zake zilikuwa na haki zote. Intaneti iliishia kwenye kibanda cha mlinzi, na mkutano uliopita wa kanda Bwana Baidoo aliuhudhuria akiwa amekaa humo, huku mlinzi akipita nyuma yake na sufuria. Leo Mkuu wa Kanda, Mheshimiwa Sekyi-Amonoo, alitaka yeye mwenyewe kuisikiliza ripoti ya idara.

"Maame, kwa maslahi ya taifa, nitaiondoa lakiri kwa saa moja."

Maame Araba alikuwa hajalala. Alimtazama kama mtu anayetazama kidonda.

"Fiifi yuko jikoni, mwambie akuchomekee," alisema. "Na mimi nitakaa hapa hapa."

Mkutano ulifunguliwa. Nyuso kumi na sita za kanda zilijipanga kwenye kioo. Bwana Baidoo alianza kusoma "Mafanikio katika Kudhibiti Nyaya za Kiholela".

"Simama hapo, Baidoo," alisema Mheshimiwa. "Leo nakuona hadi vinyweleo vya pua. Uko wapi?"

Bwana Baidoo aliona mbele yake njia mbili, moja ikiwa ya ukweli. Akachagua yenye kupanda cheo.

"Mheshimiwa, niko katika nyumba ya mfano. Mradi wa idara yangu. Tumeleta kasi kwenye nyumba kongwe bila tundu hata moja."

"Safi sana! Ndicho ninachosema kila siku. Katika kanda hii hakuna waya utakaoning'inia bila mimi kujua. Eleza, unafanyaje kazi?"

Bwana Baidoo alimgeukia Fiifi. Fiifi alikuwa anamenya karanga.

"Unafanya kazi," alisema Bwana Baidoo, "kwa ushirikiano."

Hapo simu ya Maame Araba ikalia mezani. Nesi wa Assin, jasho linamtoka. Maame Araba aliiegemeza kwenye kompyuta ya idara bila kuomba ruhusa, na nyuso kumi na sita zikasikia yote: damu inatoka, nifanye nini? Kanda tumbo, mwanangu. Chini ya kitovu. Kwa nguvu, usimwonee huruma. Kuna dawa gani kabatini? Nisomee. Hiyo. Mpe. Endelea kukanda. Nitazame mimi, usitazame damu.

Dakika ishirini na mbili kanda nzima ilisikiliza. Hapo mama wa Assin akasikika akiomba maji ya kunywa, kwa sauti ya kugombeza.

"Mungu mkubwa," alisema Mheshimiwa. "Baidoo, mradi huu—"

"Mradi gani?" Maame Araba aliweka uso wake kwenye kamera. "Huyu alikifunga kifaa chenyewe jana. Lakiri hii hapa, na muhuri wenu. Jana jioni kuna mtoto amekufa Ekumfi nikiwa ngazi ya kumi na tisa. Andika hilo, Kwamena. Kalamu unayo."

Bwana Baidoo aliishika kalamu. Haikuandika. Alijikuta anaangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitamani ingekuwa ya mtu mwingine.

Barua ilitoka Ijumaa. Cheo chake kilikuwa na maneno mawili, Mkurugenzi na Msaidizi. Kanda ilibakiza la pili. Fiifi alipewa kazi ya kufufua nyaya za antena katika zahanati zote za majengo ya zamani, na Baidoo akapangiwa kumshikia ngazi. Mheshimiwa, kwa kuwa kiongozi hutangulia, aliagiza waanzie kwenye makazi yake, bangaloo ya enzi za magavana, mlimani Cape Coast, iliyopakana na nyumba ya masista wa Kikatoliki.

Walifika Jumamosi. Mpiga picha alikuwepo. Mheshimiwa alitoka na kandambili, akatoa hotuba fupi juu ya nyaya halali, akajipanga chini ya ngazi ili aonekane akisimamia. Baidoo ndiye aliyepanda darini. Alitambaa juu ya kinyesi cha popo, tochi mdomoni, akiufuata waya kutoka sebuleni.

"Umeona unakoelekea?" Fiifi aliita kutoka chini.

"Naona, bosi. Unatoka nje."

"Nje wapi? Dishi liko juu ya paa."

"Hilo la juu ya paa halina waya. Huu unapita kwenye kidirisha cha dari, unaruka ukuta..." Alichungulia. "Unaingia kwa masista."

Mpiga picha alishusha kamera, akafikiri, akaipandisha tena.

"Huo uliwekwa na mtangulizi wangu," alisema Mheshimiwa.

"Bado una lebo ya dukani, Mheshimiwa," alisema Baidoo kutoka darini, kwa unyenyekevu. "Ya mwaka juzi. Niuvute?"

"Usiuvute!"

Lakini Baidoo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutenda kabla ya kuandikiwa, alikuwa ameshauvuta. Upande wa pili wa ukuta kelele ya televisheni ilikatika ghafla. Baada ya muda kitambaa cheupe kikachomoza juu ya ukuta, na chini yake uso wa Sista Perpetua, mpole kabisa.

"Mheshimiwa, habari za asubuhi. Picha yetu imekatika. Yenu pia?"

Mheshimiwa, mzee wa kanisa la Methodisti kwa miaka ishirini, alitafuta pa kuweka mikono.

"Sista, mimi sikuwa nafahamu kabisa..."

"Usijali. Tunajua tangu mwanzo. Ndiyo maana siku za mpira huwa hatubadilishi stesheni, tunawaachia mmalize." Alisogea karibu kidogo. "Ila Mama Mkuu huwa anauliza. Rozari ya saa kumi na mbili, nayo mnaitazama, au mnazima?"

Kabla Mheshimiwa hajafungua mdomo, sauti ya mkewe ilitoka dirisha la jikoni, nyangavu na yenye shukrani.

"Tunaisali yote, Sista! Tena yeye ndiye anayeongoza!"