Somo la Wamongoli Lililonirudisha Siakago

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka kwenye joto la kwetu Siakago, ambako sikupanga kuwa mwaka huu. Ninamlalamikia Mwalimu Karimi, anayemfundisha binti yangu Kaari historia.

1. Alifundisha jinsi Wamongoli, wafugaji hodari, walivyoshuka na farasi wao wakawatawala Wachina, wakulima wa kuinamia udongo. Hapo sina neno. Hata mimi, baba mkwe alipofariki, nilipanda milimani hadi Timau na mbuzi wangu nikaliokoa boma la wakwe zangu. Walikuwa na ngano, viazi na maombi ya asubuhi. Kiongozi hawakuwa naye.

2. Kosa lake ni kutosimama hapo. Alieleza kwamba mfalme wao, Kublai Khan, aliwapanga watu kwa madaraja, Wamongoli juu, Wachina wa kusini chini kabisa. Kaari akayaleta hayo nyumbani, mimi nikila nyama na wengine wakisubiri mchuzi. "Baba, hata wao walianza hivi," akasema. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, ambaye tangu nifike hakuwa ameuliza swali lolote, akaweka kikombe chini pale mlangoni mwa jikoni. "Na waliishaje?"

3. Mtoto akamweleza yote! Mafuriko, njaa, wakubwa kugombana, pesa za karatasi zisizonunua kitu, mpaka mtoto wa mkulima maskini akawafukuza warudi nyikani. Nauliza: bibi kizee wa Timau anataka habari hizo za nini?

4. Asubuhi yake mke wangu Gatakaa alifungua zizi, akawatoa mbuzi barabarani, akanipa koti langu. Ndugu zake, watu wanaoogopa hata bata, walisimama langoni na majembe. Hakuna aliyenigusa. Walinitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma.

5. Kwa hivyo naomba Mwalimu Karimi afundishe kuinuka kwa Wamongoli tu. Kuanguka kwao kungoje wanafunzi wawe na nyumba zao. Bila mimi, watu wale wataliharibu lile shamba kabla ya mvua.

Nisalimie walimu wote, wapishi, na hata huyo Karimi.

Wako mwenye kudhulumiwa,
Njeru Munyi

Tanbihi: Juzi nilipita Timau, nikachungulia juu ya ua. Ngano haikusimama vile hata mwaka mmoja wa utawala wangu. Mama mkwe alikuwa anacheka. Sikujua ana meno yote. Tafadhali muulize Mwalimu Karimi, taratibu, kama kuna Mmongoli aliyeruhusiwa kubaki kama mtu wa kawaida. Kupalilia viazi najua.