Mursik ya Wakwe

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya wakwe, nikiwa nimevaa nguo mpya.

Wanawake wenzangu wa hii group, mnajua habari ya ulimi wangu. Kansa ilifanya ukatwe nusu, na mionzi ikamalizana na iliyobaki. Mate hayaji, maneno yanatoka mazito, na ladha iliniaga kitambo. Uji, supu, chai, kwangu vyote ni kitu cha moto tu. Nimezoea. Nyumbani mimi napika na binti yangu Chebet anaonja.

Sasa leo Chebet alikuwa anaposwa. Kijana anafanya kazi kiwanda cha majani chai hapa karibu na Kaplong, lakini watu wake walitoka upande wa ziwa. Shemeji yangu Kiprono, kaka ya mume wangu, hakuwataka tangu mwanzo. "Kwani vijana wa Bomet wameisha?" Kwa hivyo nilitaka siku ipite bila kasoro hata moja.

Asubuhi Chebet akaniambia, "Mum, wacha auntie apeane mursik. Wewe pumzika."

Pumzika! Mwaka mzima nimepumzika. Kwetu anayepeana mursik, maziwa yetu ya kibuyu, huionja kwanza, ndio mgeni ajue hajawekewa kitu. Nilitaka wageni wapokelewe na mama ya msichana, si na mgonjwa aliyefichwa jikoni. Nikakataa katakata.

Halafu nikawaonea wageni huruma. Maziwa ya kuchacha hawajayazoea, wacha niwawekee sukari kidogo. Jikoni wifi zangu walikuwa wamehamisha kila kitu kwa mikebe mipya. Sukari yetu ni ya kahawia. Nikaona mkebe wenye kitu cheupe, nikajua hiyo ndiyo ya wageni. Nikalamba kidole kuhakikisha. (Kuhakikisha na ulimi gani, jamani?) Nikaweka vijiko sita, nikatikisa kibuyu.

Sebuleni nikasimama wima. Nikamimina, nikanywa kikombe changu chote mbele yao. Mursik hushuka vizuri kwangu, haina vita. Kisha nikasema polepole, vile nilikuwa nimejizoesha tangu juzi: "Karibuni. Ni tamu sana."

Wakanywa. Mzee wao akafunga macho kama anayeomba. Kijana akamwangalia Chebet, Chebet akaangalia dari. Mamake kijana akameza, akatabasamu, akamaliza. Nikafurahi, nikamwongeza bila kuuliza. Akamaliza tena! Moyoni nikasema, shemeji aone sasa.

Shemeji akaona. Alipiga funda moja, na hiyo funda ikarudi yote kwa shati.

"Ala! Mimi ni ng'ombe ya kulambishwa chumvi?"

Wifi mmoja akasema kwa mlango, "Woi, ule mkebe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejizoesha kuwakaribisha tu, maneno mengine sikuwa nayo. Ikabidi niseme tu. "Ni mimi. Nilikuwa na kansa ya ulimi. Sionji kitu. Nilidhani ni sukari."

Hawakunisikia vizuri. Nikarudia. Mzee akaweka mkono kwa sikio, nikarudia mara ya tatu. (Kuungama mara moja hakutoshi, lazima mpaka kila kiti kisikie.) Nilijua nimemharibia mtoto wangu siku yake, na machozi yalikuwa karibu.

Mamake kijana akaweka kikombe chini.

"Mama Chebet," akasema, "mimi nilijua hii ndio mila yenu. Nimekaa hapa nikijiambia, kama mtoto wangu anaoa huku, basi hii kitu nitakunywa mpaka siku ya kuzikwa."

Aliyecheka kwanza ni shemeji, na shati lake limelowa. Halafu nyumba nzima. Mzee akaomba maji, jagi mbili zikaisha. Nikacheka mpaka nikapaliwa, Chebet akanipiga mgongo.

Wanaume bado wanaongea sebuleni, eti wanajadiliana. Mimi yangu nimemaliza. Mtu anayemeza vikombe viwili vya chumvi ili nisiaibike, huyo binti nimempa.

Na nyinyi naomba msicheke. Atakayecheka, siku ya harusi nitampakulia chakula mimi mwenyewe.