Mheshimiwa Stinchfield Asirudishwe Kwetu

Haskell Ridge, Maine
Agosti 1858

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za huku mlimani. Nitasema kwa ufupi, tofauti na barua zangu zilizopita ambazo naamini zilikosa nafasi gazetini kwa urefu wake.

Mwakilishi wetu katika Bunge la jimbo, Mheshimiwa Lemuel Stinchfield, ametangaza kuwa amechoka na siasa na anarudi nyumbani moja kwa moja kulima. Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ua tu, na nimekosa usingizi. Napinga kwa sababu hizi:

1. Hatukumchagua atuwakilishe. Tulimchagua aondoke. Ndivyo vijiji vyote vya huku hufanya: mtu akishawachosha wenzake kwa maneno, hupelekwa Augusta, kwenye Bunge, akachoshane na wa vijiji vingine. Kila Januari alipopanda kigari cha theluji, tulipumua hadi baridi ilipokwisha, majira ya kuchemsha utomvu wa miti tupate sukari.

2. Kabla ya hapo alikuwa akimsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri. Mkutano wa kumchagua mkamata nguruwe wazururaji aliurefusha hadi maharage yakaungua nyumba zote, na nguruwe wenyewe wakamaliza viazi vyangu.

3. Bungeni amefanya kazi nzuri sana. Hakupitisha sheria hata moja. Alipomaliza hotuba ya kuwalinda samaki wa mtoni, samaki walikuwa wameshavuliwa.

4. Nilipomweleza mkewe, Bi Mehitable, kwamba mume anarudi moja kwa moja, alilia. "Bwana Thurlow," aliniambia, "mume wangu ni mali ya umma. Umma ukae naye!"

Kwa hiyo naomba apewe cheo chochote huko: seneta, spika, hata mtia kuni wa majiko ya Bunge. Asirudi tu.

Haya niliyaeleza Jumamosi mbele ya kijiji kizima, tangu asubuhi hadi taa zikawashwa. Watu waliguswa mno. Wengine walishindwa kujizuia, wakatoka mmoja mmoja. Cyrus mhunzi alipaza sauti, "Asahel, kaa chini bwana, tumeshaelewa!" Nikaona wameelewa juu juu tu, nikaanza upya.

Nisalimie mkeo, wachapaji wote, na yule karani wako anayefunga mlango haraka kila anionapo nikija. Najua anahofia vumbi.

Wako katika kutetea utulivu,
Asahel Thurlow,
Mkaguzi wa Nyua

Nyongeza: Tafadhali usiichapishe barua hii. Wamekuja sasa hivi, kijiji kizima, Lemuel na mchungaji wakiwa mbele. Wamenipitisha mimi niende Augusta, na hakuna hata mkono mmoja uliopinga! Kumbe wananipenda hivi! Lemuel arudi tu, masikini, amelitumikia jimbo vya kutosha. Mke wangu ndiye aliyefurahi kuliko wote: sanduku langu ameshalifunga na kuliweka mlangoni, ingawa Bunge linaanza Januari.