Mjukuu wa Mwenye Shamba

Alhamisi, 6 Juni
Tumefika kisiwani. Mji wa zamani wa mashamba ya miwa! Nyumba za mawe, bomba la moshi la kiwanda refu hadi shingo inauma. Nimeduwaa, nzi kaniingia mdomoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, akasema watu watanijua mgeni. Yeye je, na kamera tumboni kama mimba? Jumba la mwenye shamba limefungwa, wanakarabati. Shemeji kanuna. Mimi nimepata wazo.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia bibi mtunza jumba kwamba mwenye shamba alikuwa babu wa babu yangu. Fundi cherehani mimi! Akanitazama hadi viatuni, akafungua. Shemeji kabaki nje anavimba. Raha!
Halafu raha ikaisha. Ngazi zimelika kwa nyayo. Kwenye matofali, alama za vidole vya watumwa walioyafyatua. Vingine vidogo, vya watoto. Nikaweka kiganja changu pale. 
“Hao ndio wetu,” bibi akasema. Jumapili watu watakusanyika kiwandani. Wanataka neno kutoka kwa ukoo wa bwana. Yaani mimi!

Jumamosi, 8 Juni
Nimejaribu kuugua. Mke wangu kanigusa paji la uso, akasema maji nimeyavulia nguo mwenyewe, niyaoge. Shemeji ameahidi kupiga picha. Bure kabisa.

Jumapili, 9 Juni
Watu wamejaa kiwandani, wazee mbele. Mitambo imesimama juu yetu kama milima ya kutu. Hotuba niliyoitunga usiku ikayeyuka. Nikaona matofali ya ukutani, yenye alama zilezile za vidole, uongo ukakataa kutoka.
“Jamani, mimi fundi cherehani. Nilitaka kuingia tu. Nisameheni.”
 Bibi akacheka hadi akashika ukuta.
“Tunajua, mwanangu. Bwana yule hakuzaa. Kila Jumapili tunasafisha hapa. Shika ndoo.”
Nimeosha kuta hadi jua likazama. Kila alama ya kidole nimeipitishia kitambaa polepole, kama uso wa mtoto aliyelala. Hata Shemeji aliweka kamera chini. Akabeba ndoo. Maajabu mawili kwa siku moja!

Jumatatu, 10 Juni
Bandarini. Foleni ya kupanda meli haina mwisho. Nimemnong'oneza karani kwamba mimi ni daktari wa meno, nina dharura. Katupitisha mbele ya wote! Shemeji kanifuata mbio na mabegi yote.
Nahodha kaniita chumbani kwake. Amekaa, ameshika shavu, amefungua mdomo.