Ombi la Kumzuia Mfalme Asimfiche Malkia

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Briji,
Ukumbi wa juu ya duka la vitambaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na ngazi za ukumbini hazikutesi kama mwezi uliopita.

Mimi ni yule binti anayecheza na shangazi yake mkunga, meza ya dirishani. Huwezi kunikumbuka kwa sauti kwa kuwa hujawahi kuisikia. Nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na shangazi alinifundisha briji ili nisishinde chumbani. Niliupenda mchezo huu tangu siku ya kwanza kwa sababu moja: mkishaanza kucheza, hakuna anayetakiwa kuzungumza. Wawili wanaoketi kuelekeana ni wenzi, na yote wanaambiana kwa karata. Mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunikauka, lakini nikiweka saba ya kopa mezani, shangazi ananielewa. Nikadhani nimepata mahali ambapo hata mtu mkimya anasikika.

Kumbe karata nazo husema uongo. Naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa heshima zote.

1. Kuhusu Fundi Saa. Mzee huyu ana uso wa mtu unayeweza kumwachia mtoto mchanga ukaenda safari. Jumamosi iliyopita aliahidi kushinda mizunguko tisa, na kazi yetu ikawa kumzuia. Nikaanza na kopa ndogo, nikiwa nimebaki na ree, ambayo ni kubwa kuliko zote. Shangazi akaweka ghulamu. Fundi Saa akamla kwa mfalme. Sasa, Mheshimiwa, mtu mwenye mfalme na malkia, akitaka kumla ghulamu, si angemtuma malkia? Nani hukodi lori kubeba kiberiti? Nikahitimisha kwamba malkia hana, yuko kwa shangazi. Nilipopata zamu nikacheza kopa ndogo tena, nikimpelekea shangazi kwa upendo. Fundi Saa akamtoa malkia taratibu, kama mtu anayetoa leso mfukoni, na ahadi yake ikatimia. Kisha akaniambia, "Pole, mwanangu." Kushindwa nilikuwa nimeshakumeza. Hiyo pole ndiyo ilinikwama kooni.

Tangu siku hiyo nikipita dukani kwake sizitazami saa zake ukutani. Aliyeweza kumficha malkia atashindwaje kuficha dakika kumi? Nauliza kwa muuza mkate. Yeye hana saa, hukisia tu, lakini hukisia kwa moyo safi.

2. Kuhusu shangazi. Hili ni zito zaidi kwa kuwa ni damu yangu. Tulikubaliana kwamba mmoja wetu akitupa karata kubwa, maana yake ni "rangi hii naitaka, niletee." Akatupa tisa ya pau. Nikamletea pau mbio mbio. Hakuwa na kitu cha maana huko. Alikuwa akimtisha mke wa Fundi Saa, ambaye ndiye mwenzi wa mumewe mezani. Nilipomuuliza tukishuka ngazi, alisema, "Sikukudanganya wewe, nilimdanganya yeye. Wewe ulikuwa njiani tu."

Mheshimiwa, hata dereva aliyegonga kuku husema hivyo.

Akaongeza kwamba nikiendelea kuamini kila kinachotua mezani, Jumamosi hii jozi zitakapoandikishwa kwa mashindano, atamchukua aliyekuwa mwalimu wangu wa hesabu. Mwalimu huyo huongea hata akiwa anatafuna. Mimi nitarudi chumbani, na sijui kama nitatoka tena.

3. Kuhusu kanuni zilizobandikwa mlangoni. Nimezisoma zote, hata zile zilizofunikwa na tangazo la baiskeli. Ni marufuku kudanganya kwa kusitasita, kwa kuguna, au kwa kukunja uso. Kwa karata, ruksa. Yaani uso wa mtu umefungwa mikono, karata zake zinazurura. Na mimi ndiye niliyeonekana mkosaji! Huinamisha kichwa nikiwa na karata mbaya, nikiwa na nzuri, na nikiulizwa kama nataka chai. Mke wa Fundi Saa amewahi kupoteza mchezo kwa kuusoma utosi wangu, akaninung'unikia hadi mlangoni. Sikuwa nimemwambia ausome.

4. Ninachoomba. Kila anayetupa karata ya uongo anyooshe mkono. Asiyeweza kunyoosha mkono apewe kengele. Kwa kuwa kengele nayo inaweza kupigwa kwa uongo, awepo msimamizi wa kengele. Na kwa kuwa msimamizi ni binadamu, aketi na mama yake mzazi, maana ni vigumu mtu kudanganya vizuri mama yake akimtazama. Haya yote yakishindikana, basi tucheze karata zikiwa wazi kuanzia mwanzo. Najua mchezo utakuwa mfupi, lakini tutafika nyumbani mapema, tena tukiaminiana.

Naomba pia barua hii ibandikwe mlangoni, kando ya kanuni, ili kila mwanachama aujue msimamo wangu.

Nisalimie mweka hazina, mama wa chai na wote wa meza ya nyuma. Fundi Saa naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako mtiifu katika ukweli,

Binti wa meza ya dirishani

Nyongeza: Hayo niliyaandika jana. Leo Fundi Saa na mkewe walikuja kwa shangazi kufanya mazoezi. Mkewe alikuwa amelaza karata zake wazi, kama afanyavyo mwenzi wa aliyeahidi, na Fundi Saa akacheza ghulamu wa pau kutoka humo. Mimi nilikuwa na malkia, ambaye angetosha kabisa kumla. Nilikuwa na ree pia. Sijui mkono wangu ulipatwa na nini, ulitoa ree. Fundi Saa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akaamini malkia yuko kwa shangazi, akaacha mipango yake mingine yote na kurudi njia ileile ya pau. Nikamla kwa malkia.

Akauliza, "Nani amekufundisha haya?"

Nikajibu, "Wewe, mzee wangu." Mkewe akageuka kuangalia ni nani aliyesema.

Shangazi amekwenda kuandikisha jina langu pamoja na lake, hakungoja Jumamosi. Kwa hiyo naomba uamuzi wa ombi langu usitolewe hadi fainali ipite. Lakini kurasa za mbele zibandike leo hii, tafadhali, mahali penye mwanga, kwani Fundi Saa husoma kila kitu mlangoni kabla ya kuketi, na ni vyema ajue anacheza na mtu mkweli. Ukurasa huu uchane.