Barua Inayosomwa Kuanzia Mwisho

Jumatatu, 3 Juni 1957

"Kazi ya serikali haina siri, Hiram. Andika vizuri, ngoja kwa adabu, utaitwa." Hayo ni maneno ya Naftaly Waithaka, karani mkuu wa ofisi ya serikali iliyo ng'ambo ya reli. Aliyasema jana mlangoni mwa kanisa, watu wote wakisikia. Uongo mtupu. Nimeandika vizuri mara kumi na moja. Hakuna mtu katika Nakuru nzima anayenishinda kuandika, kwani hiyo ndiyo kazi yangu: nakaa na taipu kwenye baraza ya duka la Mhindi, nikiwaandikia watu barua za ofisini. Na kungoja, nimengoja mpaka suruali imetoboka. Wanaoitwa ni wateja wangu. Mimi siitwi.

Tena Naftaly ni nani wa kunifundisha kuandika? Tulikaa benchi moja shule ya misheni. Insha zake zote niliziandika mimi. Leo ana baiskeli yenye taa na soksi ndefu, na akipita barazani kwangu hupiga kengele hata kama barabara haina mtu.

Lakini habari ya leo ni nyingine. Tangazo limebandikwa pale ofisini kwao: karani mmoja anatakiwa. Barua zifike kabla ya Jumamosi, tarehe kumi na tano. Atakayechukuliwa atapewa chumba katika nyumba za serikali, na kibali cha kuishi na mke na watoto wake. Mstari huo wa mwisho niliusoma mara nne. Askari akaniambia nisogee, wengine nao wana macho.

Wangui mke wangu na binti yetu Njoki walipandishwa lori kule Elburgon mwaka wa 1953, siku ile serikali ilipowafukuza Wakikuyu. Wakapelekwa Fort Hall, wilaya ya Wakikuyu. Mimi nilibakizwa kwa kuwa mwenye kiwanda cha mbao hakuwa na mtu mwingine wa kuandika magogo. Njoki alikuwa na miaka minne. Sasa nina pasi ya kukaa Nakuru, peke yangu. Bila kazi ya serikali hakuna chumba, na bila chumba hakuna kibali. Basi barua hii ya kumi na mbili lazima ishinde.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza. Wote wanaotaka kazi hii watakuja kwangu niwaandikie. Nitawaandikia vibaya. Rahisi! Sijui kwa nini sikuwaza hivyo miaka yote hii.

Wa kwanza kuja alikuwa Kiprugut, aliyerudi juzi kutoka jeshini huko Malaya. Mtu mkubwa, sauti ndogo. Amesoma, angeweza kujiandikia, lakini alisema barua ya ofisini inataka fundi. Neno hilo, fundi, ndilo lililoniponza. Nikaanza barua mbovu. Mstari wa kwanza ukaniuma macho, nikautengeneza. Wa pili vilevile. Nilipofika chini nilikuwa nimeandika barua bora kuliko zote za mwaka huu.

Nikaimaliza kwa desturi: "Nina heshima kuwa, Bwana, mtumishi wako mtiifu sana." Kiprugut akauliza kama ni lazima. Nikamwambia ni desturi tu. Akasema basi weka, jeshini ameshasema makubwa kuliko hayo.

Katika barua zangu mwenyewe siandiki maneno hayo. Nimesoma vitabu, najua mtumishi ni nani. Anayelipwa ndiye mtumishi, anayelipa ndiye bwana, na kodi ya kichwa mimi nalipa kila mwaka. Kwa hiyo mimi humaliza hivi: "Ni mimi, Hiram Gachanja, mlipa kodi." Ukweli haujapata kumtukana mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Barua kutoka kwa Wangui, kwa mkono wa mwinjilisti wa kijiji chao. Anauliza kama mvua imenyesha Nakuru. Kifua bado kinamsumbua, zaidi asubuhi. Haombi kitu. Chini kabisa ameongeza kwamba Njoki anauliza kama baba yake ni mrefu. Amemjibu kuwa ni mrefu kiasi, na akisimama kubishana huwa mrefu zaidi.

Mpango wa pili: kuku. Nilimchukua yule mweupe ninayemfuga nyuma ya duka, nikampeleka kwa Naftaly. Mkewe Wariara alimpokea vizuri, akaleta chai. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitabishana. Kikombe cha kwanza kilipita salama. Cha pili, Naftaly akasema watu wetu wana haraka mno siku hizi. Nilimjibu kwa muda mrefu. Wariara alikuja akaondoa vikombe, baadaye akaondoa na meza.

Naftaly alinisindikiza mpaka nje. Hapo ndipo alinishika mkono wa koti, akasema polepole, "Hiram, barua zako ni nzuri. Lakini Bwana, yule Mzungu wetu, ana barua mia mezani. Haanzi juu, anaanza chini. Akikuta mlipa kodi, anaiweka kando."

Kumi na moja! Zote hazikusomwa juu! Na juu, mstari wa kwanza kabisa, sijawahi kubadilisha: "Nina mke aitwaye Wangui na mtoto aitwaye Njoki, nami naomba kazi ili wakae nami." Naftaly akasema kazi haiombwi hivyo pia, ila mstari huo hauna madhara, kwa kuwa hakuna anayeufikia.

Nilirudi bila kuku.

Jumanne, 11 Juni

Tangu jana najaribu. Barua yote iko tayari isipokuwa mwisho. Vidole vinafika kwenye "mtum" vinakataa. Karatasi sita zimeharibika. Mhindi ameuliza kama taipu ni mgonjwa.

Mchana nilikwenda kunywa chai kwa Chepkorir, mwenye hoteli ya jirani. Mwanamke huyu hakwenda shule na hajawahi kushindwa hoja. Nikamweleza yote: kodi, bwana, mtumishi, nani amemwajiri nani. Alisikiliza huku akikanda unga. Akauliza kama Mama Njoki bado anakohoa. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mzee Hiram, kila asubuhi namkaribisha chai mtu nisiyempenda, na ninamwambia chai ni yake. Sijafa. Andika."

Nikamwambia mkono wangu haukubali. Akasema basi ataandika yeye. Akajifuta unga, akaja barazani, akaketi mbele ya taipu yangu, nami nikawa namwonyesha: hii, sasa hii, sasa ile ya pembeni. Kidole kimoja. Wateja wake walikuja wakasimama kutazama, mmoja akadai maandazi yake yanaungua. Chepkorir akamwambia anyamaze, yuko ofisini. Ilichukua saa nzima kutoka "nina heshima" mpaka "mtiifu sana". Kila alipobonyeza herufi aliniuliza imesema nini.

Kwa hiyo barua imemalizika vizuri na mimi sijasema uongo. Mpango mzuri kuliko yote.

Jumatano, 12 Juni

Mpango huo sikuufikisha mzima.

Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za ofisi. Nikaifungua mara ya mwisho. Mstari ule wa mtumishi uko pale na jina langu liko chini yake, na asomaye hawezi kujua ni kidole cha nani. Nikatoa kalamu. Chini ya jina, pembezoni kabisa mwa karatasi, nikaandika: "Maneno ya hapo juu yamepigwa na mwenye hoteli. Ni mimi, Hiram Gachanja, mlipa kodi." Nikamkabidhi Naftaly dirishani. Alisoma, kuanzia chini. Akanitazama.

Niliondoka mwepesi kama mtu aliyetua gogo. Chepkorir aliuliza kama nimeifikisha. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimeitwa!

Alhamisi saa nne, ana kwa ana na Bwana. Watu wawili tu: mimi na Kiprugut. Yako wapi sasa maneno ya Naftaly? Mlipa kodi amesomwa, na ameitwa! Nilipita dirishani kwake kumweleza hayo. Akaniomba kitu kimoja tu: siku hiyo nijibu ninachoulizwa, basi. Wivu.

Nimemwandikia Wangui afunge mizigo. Kisha nikasimama kwenye mwimo wa mlango wa Chepkorir, yeye akaweka alama kwa kisu, tukapima kwa kamba. Futi tano na inchi tano. Njoki nimemwandikia futi sita kasoro, pamoja na kofia.

Alhamisi, 20 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Bwana ni mzee, miwani, sauti ya upole. Naftaly alisimama kando, kwenye kabati la mafaili. Barua yangu ilikuwa juu ya meza. Bwana alisema ni barua safi, tena ameisoma yote. Akauliza, "Huyu Wangui yuko wapi sasa?" Alilitamka vibaya, lakini alilitamka. Miaka yote hii, hiyo ni mara ya kwanza jina lake kusemwa ndani ya ofisi. Nikajibu yuko Fort Hall. Akauliza mtoto ana umri gani. Nikasema minane. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akachovya kalamu kwenye wino, akavuta fomu.

Ndipo akaiinua barua ili aiweke kwenye faili, akaona ni fupi kuliko nyingine. Akauliza tu, kama mtu anayeuliza saa, ni nani aliyeikata chini.

Naftaly akajibu upesi, "Panya, Bwana. Stoo yetu ina panya."

Bwana akakubali. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Naapa, ilikuwa imeshagusa.

Na mimi nikaitazama ile barua. Palipokuwa na maneno yangu hapakuwa na kitu. Mkasi. Ukweli wangu umekatwa kama ukucha! Kumbe hakuitwa mlipa kodi. Aliitwa mtumishi mtiifu wa Chepkorir. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Bwana, panya hawakati mstari ulionyooka."

Kalamu ikawekwa chini. Bwana akauliza palikuwa na nini. Naftaly akanitazama, na macho yale nayajua: ndiyo aliyokuwa akinitazama nayo siku za mtihani, akingoja nimwonyeshe jibu. Nikalitoa jibu. Nililisema lote, neno kwa neno, na kwa kuwa nilishaanza nikaongeza kidogo juu ya kodi. Bwana alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akatushukuru wote wawili.

Kiprugut alikuwa kwenye benchi nje. Aliniuliza kama Bwana ni mkali. Nikamwambia hapana, ni mpole sana.

Jumatano, 26 Juni

Kiprugut amepata. Alikuja barazani kunishukuru kwa barua, akaleta kibuyu cha maziwa lala. Alisimama pale, mtu mkubwa namna ile, akikosa pa kutazama. Nikamwambia mwandishi hulipwa kwa kazi yake kusomwa. Maziwa nilimpa Chepkorir.

Naftaly amehamishiwa Olenguruone, karani wa kawaida. Nilikwenda stesheni ya mabasi kumpa hoja zangu, nilikuwa nimeziandika. Wariara hakunisalimu. Alikuwa amempakata kuku mweupe. Naftaly alikuwa akifunga baiskeli kwa kamba juu ya mizigo, bila soksi ndefu, maana kule ni matope. Nikaanza hoja ya kwanza. Akaningoja nimalize sentensi, akasema, "Insha zangu zote ulizoniandikia, Hiram. Nilidhani nimekurudishia moja."

Hoja ya pili sikuisoma. Nimerudi nayo.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya kanisa nilipita kwenye nyumba za serikali. Si njia yangu, nilipita tu. Chumba kile kina dirisha linalotazama ziwa. Chepchirchir, mke wa Kiprugut, alikuwa akitundika kitambaa dirishani. Alikipima, akakishusha, akakipandisha tena.

Barua ya Wangui ilifika jana. Mizigo imefungwa. Sufuria ameziweka chini, nguo juu, ili zisichafuke kwa masizi. Njoki analala amekumbatia kiatu kimoja asije akaachwa asubuhi ya safari. Wangui anauliza kibali kitafika siku gani. Na anasema: "Usigombane na mtu kwa sasa, Baba Njoki. Ngoja kwanza tufike."

Sijamjibu.

Kuna tangazo lingine. Ofisi ya misitu, Elburgon, karani, chumba kipo. Nimeitoa taipu leo ingawa ni Jumapili. Chepkorir alikuja akasimama nyuma yangu, kidole tayari kimeshafutwa unga. Nikamwambia asante, hii nitaiweza mwenyewe. Alitazama ile alama ya kisu kwenye mwimo wake, akarudi jikoni.

Ya kumi na tatu imekwisha. Ni nzuri kuliko ya Kiprugut. Nimeimaliza kwa herufi kubwa: NI MIMI, HIRAM GACHANJA, MLIPA KODI. Na nimeacha nafasi pana chini yake, mkasi ukija ukate karatasi tupu.

Nanyi makarani wa ofisi zote kuanzia Elburgon mpaka Nakuru, na wewe hasa uliyekalia kiti cha Naftaly: acheni kusoma barua za watu kuanzia chini. Geuzeni karatasi. Anzeni juu, mstari wa kwanza. Yuko mwanamke hapo, amefunga mizigo.