Pua ya Seli na Ufunguo wa Kabati

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mkutano wa maabara. Daktari, bosi wetu, ametangaza kwamba Ijumaa atachagua chupa moja ya seli za ngozi kwa jaribio lake la vidonda. Iliyojaa zaidi ndiyo itakayoshinda. Mwenye chupa hiyo atakabidhiwa ufunguo wa kabati la joto, humo tunamokuzia seli. Mwingine atapelekwa chumba cha kuoshea vyombo. Vyombo! Nimeviosha miaka tisa. Vidole vyangu vimeacha kukunjamana juzi tu.

Mpinzani ni mmoja: Shemeji, mdogo wake mke wangu. Ndiye aliyeniombea nitolewe sinkini, na ndiye aliyenifundisha kushika pipeti, kile kibomba cha kupimia matone. Nampenda kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini ufunguo ni ufunguo.

Daktari akaeleza kwamba kila seli ina kipokezi kwenye utando wake. Kinafanya kazi kama pua. Kinanusa kalsiamu iliyoko nje, kisha kinaiambia seli igawanyike au... Sikuingoja hiyo “au”. Nilishapata nilichotaka. Nikachomoka kuwahi koti jeupe lenye vifungo vyote. Liko moja tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimechungulia kwa hadubini. Seli zangu zimefunika nusu ya sakafu ya chupa. Za Shemeji, nusu na ushee. Ana mkono mwepesi yule!

Nikapiga bongo. Pua ikinusa kalsiamu kidogo, seli zinaongezeka polepole. Ikinusa nyingi je? Hata mtoto wa chekechea anajibu! Shemeji alipokwenda kunywa chai, nikatia tone la maji ya kalsiamu kwenye mchuzi wa chupa yangu, maana ndivyo tunavyokiita chakula cha seli. Tone moja nikaona uchoyo. Nikatia la pili. Haba na haba ni ya watu wenye nafasi.

Jioni mke wangu aliuliza mbona naichekea sahani. Nikasema nimefurahi tu. Akasema mara ya mwisho nilipofurahi tu, fundi bomba alikuja mara tatu.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Balaa gani hili! Hazijaongezeka hata moja. Zimekuwa bapa, zimeshikamana kama vigae, zimetulia kama wastaafu barazani. Za Shemeji zinakimbilia kujaa.

Labda zinavuta pumzi. Nikainama kuzibembeleza. Shemeji akanikuta naisihi chupa isiniaibishe mbele ya watu. Akauliza kulikoni. Nikasema nasoma kipimajoto. Akasema kipimajoto kiko mlangoni, shemeji, nyuma ya kisogo chako. Hakucheka. Aliiangalia chupa yangu kwa muda, akaenda zake.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimemwendea Daktari kwa mafumbo. Nikasema nina rafiki, wa maabara nyingine, mtu makini sana, ameongeza kalsiamu na seli zimegoma. Daktari akavua miwani. Akasema huyo mtu makini amezikomaza seli zake kabla ya wakati. Kalsiamu ikiwa kidogo, zinaendelea kugawanyika. Ikizidi, kipokezi kinaziambia basi, kuzaana kumetosha, shikaneni muwe ngozi ya juu. Ndivyo mwili unavyojivika ngozi. Na kuzirudisha utotoni ni kazi bure. Akaniagiza nimwambie rafiki yangu awe anakaa kwenye mikutano mpaka mwisho.

Nikaenda kusimama kwenye chumba cha vyombo. Sinki lile lile. Brashi yangu bado inaning'inia msumarini. Niliumia, sitajidanganya humu. Mke wangu ameshawatangazia majirani kwamba mumewe sasa anatunza vitu hai. Nitamwambia nini?

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimefika na uso wa msiba. Nikafungua kabati. Chupa yenye jina langu ina seli changa, zinang'aa, nyingine ziko katikati ya kugawanyika! Zimefunika zaidi ya nusu ya sakafu. Nikajua zimenisikia. Nilikuwa karibu kupiga vigelegele.

Kisha nikaona tepi. Jina ni langu, mwandiko si wangu. Zile herufi za mviringo ni za Shemeji. Chupa yake, iliyokuwa imejaa pomoni jana, nayo imebaki na zaidi kidogo ya nusu. Wastaafu wangu walikuwa kwenye pipa la taka.

Alikuwa amezigawa zake mafungu mawili, moja akanipa mimi! Angeshinda bila jasho. Nikamuuliza kwa nini. Akaendelea kupanga pipeti. “Ukirudi sinkini utanuna mwaka mzima,” akasema, “na mimi kwenu ndiko ninakokula.”

Daktari akapima zote mbili, akakuna kidevu, akasema zimelingana. Atatumia zote, na ufunguo tutashika kwa zamu. Nikaenda nyuma ya friji nikalia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi nilikuwa natafuta njia ya kumpiku!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Wema haulipwi kwa maneno. Shemeji ameanzisha chupa mpya na nimeapa ijae kuliko zote.

Nimejirekebisha. Leo mkutanoni nilikaa kiti cha mbele, na kalamu. Daktari akarudia kwamba kalsiamu ikipungua, seli zinagawanyika vizuri. Nikaandika, nikapigia mstari. Akaendelea kwamba hata hivyo, ikiondolewa kabisa... Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kwenye friji kuna mchuzi usio na kalsiamu hata chembe. Shemeji alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikamwaga wake wote, nikamwekea huo, nikarudisha chupa mahali pake kama vile haijaguswa.

Kesho ni zamu yake ya ufunguo. Nitawahi kufika. Nataka niuone uso wake atakapofungua kabati.